Barua Niliyoitia Sahihi Bila Kusoma Jina

S.L.P. 88,
Willow Slough, Arkansas.
16 Novemba 2018

Mpendwa mdogo wangu Lavelle,

U hali gani huko Korea? Baridi imeshaanza kuwabana kwenye kambi ya jeshi? Sisi tu wazima, ila Mama magoti yanamsumbua. Salamu nimemaliza. Sasa kaa chini, maana nina hasira, na nyingine ni za kwako.

Unajua kila mwaka mimi huwapima watoto shuleni uzito na urefu, kisha wazazi huandikiwa barua. Safari hii zilitoka mia mbili na kumi na mbili. Nilizitia sahihi zote mchana mmoja huku natafuna mkate, bila kusoma majina, zikatiwa kwenye mabegi ya watoto. Moja ilikuwa ya mwanao Koryn: mtoto huyu ana uzito uliopitiliza. Chini yake jina langu, muuguzi, shangazi yake.

Wenzake wakaifungua ndani ya basi la shule, wakaisoma kwa sauti. Mmoja akamwambia, "Ndiyo maana baba'ako kakimbilia Korea! Angekubebaje wewe?" Basi zima likaangua kicheko.

Tangu siku hiyo, wiki tatu sasa, hataki kula. Chakula cha shule anakitupa, cha Mama anakificha mfukoni.

Nimlaumu nani? Shule imefuta mapumziko ya kucheza ili watoto wajiandae na mtihani, halafu imeweka mashine ya soda mlangoni. Duka la vyakula lilifungwa. Limebaki la kituo cha mafuta, na humo hata kitunguu hukipati. Mama nikimwambia apunguze kukaanga ananijia juu: "Wee Verlene! Mama yake kaburini, baba yake hayupo, na chakula nacho nimnyime?"

Na wewe, bwana mkubwa! Kila Jumamosi unabonyeza simu huko uliko, piza inagonga mlango hapa. Tangu Agosti mtoto kapata piza kumi na tatu, na sauti yako mara mbili. Hivi huoni haya?

Lakini sijifichi nyuma yenu. Nilimpima kwa mikono yangu, nikaona, nikajiambia nitazungumza na Mama Jumapili. Jumapili zikapita. Kutoka shuleni hadi kwa Mama ni dakika tano kwa mguu. Ningeingia jikoni, nikapika naye, nikamweleza taratibu. Hiyo ndiyo kazi ya muuguzi, mizani hata bawabu anaweza kuisoma. Badala yake nilimtwisha mtoto wa miaka tisa aibu aibebe mwenyewe hadi nyumbani. Najichukia, Lavelle.

Juzi alianguka uwanjani. Nilimlaza kwenye kitanda cha chumba changu, nikamnywesha maji ya sukari kidogo kidogo. Alipofumbua macho akanishika mkono: "Shangazi, nimepungua sasa? Baba atarudi?"

Swali ni lako. Mpigie siku hiyohiyo utakayoipata barua hii, na piza usiitaje.

Mama anakusalimu, na mjomba Roscoe pia. Koryn hajanituma salamu. Amekaa hapa karibu na simu tangu asubuhi, kwa sababu nilimdanganya kwamba umeahidi kupiga.

Mungu akulinde huko, na moyo wako aulainishe.

Dada yako akupendaye hata kwa hasira hizi,
Verlene