Filimbi Juu ya Barafu

Bellingham,
Jumatatu, 17 Juni 2019

Baba mpendwa,

Ninaandika barua hii kwa sababu moja: kukutaka unieleze kwa nini jana, tena Siku ya Kina Baba, uling'oa vibendera vyote vya njia yetu huku mimi nikiwa bado juu ya barafu. Ningekuuliza kwa simu, lakini tangu majira ya baridi simu yako inaita tu, kama ya mtu aliyehama nchi.

Hata hivyo, malezi uliyonipa hayaniruhusu kukuandikia bila salamu. U hali gani? Goti limepungua uvimbe? Mimi ni mzima wa mwili. Vidole vya mguu vilivyokufa ganzi vimerudi kuwa vyangu. Moyo ndio haujapoa.

Naomba nilieleze jambo hili kama lilivyotokea. Jumamosi tulipanda mto wa barafu pamoja, tumefungana kamba moja, wewe kwenye skii zako za zamani, mimi kwenye ubao wangu wa kutelezea theluji, ule unaogawanyika vipande viwili vya kupandia. Kila urefu wa kamba ulipokwisha nilichomeka kijiti cha mwanzi chenye kibendera chekundu, alama ya kwamba hapa hapana ufa wa kumeza mtu. Tukapiga hema chini ya vilele vya Black Buttes, tukala tambi zako za samoni wa kopo. Ukanitania, "Huo ubao wako ungefaa kukatia vitunguu." Nikakujibu, "Na hizo skii zako zingefaa kuegemezea nyanya." Tulicheka hadi jirani wa hema la pili akachungulia.

Jumapili tulifika kileleni kabla theluji haijalainika. Tukakubaliana kushuka kwa kanuni yako mwenyewe, ile unayowafundisha vijana wa kikosi cha uokoaji kila mwaka: anayetangulia husimama kwenye bega la mlima na kungoja, wa mwisho ndiye anayeng'oa vibendera, baada ya kuhakikisha kwamba hakuna aliyebaki nyuma yake. Nilitangulia mimi. Nilisimama palepale tulipoafikiana. Kisha ukungu ukashuka, nikawa hata ncha ya ubao wangu siioni.

Nilikusikia ukija, Baba. Nilisikia chuma cha skii kikikwaruza barafu, nikakusikia ukiimba ule wimbo wako wa walevi, nikasikia kijiti kikichomolewa. Nikapuliza filimbi. Ukaendelea kuimba. Nikapuliza tena, nikaita, "Baba! Niko hapa, kulia kwako!" Ukapita huku ukiimba, ukang'oa kijiti kingine, na kingine, sauti yako ikapotelea bondeni.

Nyufa zilikuwa mbele yangu na nyuma yangu, na hapakuwa tena na alama hata moja ya kunionyesha pa kupita. Nikaketi juu ya ubao, nikapuliza filimbi mpaka midomo ikapasuka. Aliyekuja kunichukua hakuwa baba yangu. Alikuwa Lorna Tanabe, yule jirani wa hema la pili, muuguzi, pamoja na mumewe, wamefungana kamba, wakifuata sauti ya filimbi. Na nilipofika kambini, wewe ukiwa umechuchumaa unayeyusha theluji kwenye jiko, ulisema nini mbele yao? "Mwanangu, filimbi ni ya kupuliza, si ya kupamba kifua."

Kana kwamba hilo halikutosha, tulipofika maegeshoni ulimwambia naibu wako, Dale Kvamme, nami nikisikia, kwamba ombi langu la kujiunga na kikosi lingoje mwaka mwingine kwa sababu "bado hajakomaa." Nimesomea miamba na barafu kwa miaka minne. Nimefaulu kila mtihani ambao kikosi chako kiliniwekea. Sikubali kuitwa mchanga kwa kosa nisilolitenda. Ninadai uifute kauli hiyo, na ninadai maelezo.

Binti yako,
Signe


Nyumbani,
Alhamisi, 20 Juni

Mwanangu Signe,

Salamu. Barua yako imefika, nzito kama mkoba wa safari ya wiki nzima. Mimi sijambo. Goti linalalamika, lakini kuni nimeshapasua na nyumba imetulia. Nafurahi vidole vimepona.

Haya, sasa tuongee. Hukupuliza filimbi. Ungepuliza ningesikia, mlima ule naujua tangu kabla mama yako hajanijua mimi. Nilichokiona mbele yangu ni njia ya ubao kwenye theluji, imeteremka mpaka kambini na kupitiliza. Nikasema, aa, huyu amechoka kumngoja mzee, kaenda zake kuteleza huko chini. Wa mbele akishapita, wa nyuma ang'oe. Nikang'oa. Kosa langu liko wapi hapo?

Halafu hiyo filimbi yako. Filimbi zenye kipunje ndani zikiganda hutoa pumzi tu, fyuu, kama kikongwe anapoza supu. Nilishasema. Lakini nyie wasomi mnaambiwa?

Simu nimeichoka. Watu siku hizi wanaongea humo kama wezi wanaogawana mali, hujui wamesema nini. Barua nzuri, barua haimung'unyi.

Kwa Dale nilisema ninachokiamini. Tarehe 6 Julai nawapandisha wanafunzi wapya barafuni. Ukitaka, njoo ubebe kamba ya akiba nyuma yetu, ujifunze. Hasira zako ni kuni mbichi: moshi mwingi, moto hamna.

Baba yako


Bellingham,
Jumatatu, 24 Juni

Baba,

Nakusalimu, na ninakuombea goti lipone. Salamu zangu ni fupi leo kwa kuwa nina mengi, na sitaki yapoe njiani.

Filimbi yangu haina kipunje. Uliichagua wewe, ukanipa Krismasi iliyopita, ukaniambia, "Hii haigandi hata ukiilaza kwenye friji." Na ile njia uliyoiona haikuwa yangu. Wewe ndiye uliyegundua, nikiwa msichana mdogo, kwamba mimi hutanguliza mguu wa kulia. Ukazifungua skrubu zote za ubao na kuzifunga upya usiku huohuo. Aliyepita pale alitanguliza wa kushoto. Niliiona njia yake nilipoteremka na akina Tanabe: mikwaruzo yake mipana iko upande ambao yangu haikai kamwe. Baba aliyenifundisha kusimama juu ya ubao ameshindwa kuutofautisha mguu wangu na wa mpita njia.

Nilidhani hayo ndiyo yangekuwa machungu kuliko yote. Jumamosi nikaenda kwa Lorna Tanabe kumshukuru, nikamwuliza walianza kunisikia saa ngapi.

"Mapema tu," akasema, "tulikuwa tunakunja hema. Nikamwendea baba yako. Nikamwambia, mzee, kuna mtu anapuliza filimbi huko juu, si binti yako huyo? Akatabasamu, akaniinulia kikombe."

"Akakujibu nini?"

"Hakujibu kitu. Nikamrudia mume wangu, nikamwambia, yule mzee ama ana moyo wa jiwe ama ana masikio ya jiwe. Sisi tufunge kamba twende."

Nilicheka, Baba, kwa adabu. Kisha nikaketi ndani ya gari na sikuweza kuliwasha. Nikakumbuka Pasaka, jinsi ulivyokuwa ukicheka baada ya wote kumaliza kucheka. Nikakumbuka kwamba siku hizi mezani unakaa pembeni, ukiuelekezea ukuta sikio la kulia. Nikaikumbuka simu unayosema umeichoka. Na mimi, pale kwenye ukungu, nilikuwa kulia kwako.

Kutosikia si kosa, na nisingekulaumu kwa hilo hata kidogo. Lakini wewe unajua kwamba husikii. Unajua, na bado uliimba ukanipita. Unajua, na bado ulisema mbele ya wageni kwamba mimi ndiye niliyekosa kupuliza. Ukaubandika udhaifu wako kwenye jina langu na kumkabidhi Dale. Hilo ndilo linalonichoma, na sitakuficha kwamba linanichoma hadi sasa.

Tarehe 6 Julai watu watafungwa kwenye kamba yako, watu wenye wazazi na watoto wao. Mmoja akitumbukia ufani atapiga kelele mara moja, pengine mbili. Nani atasikia? Kikosi kinakutana Jumatano ya tarehe 3. Usiposema wewe, nitasimama niseme mimi, hata kama kwa kusema hivyo nitajifungia mlango wa kikosi maisha yangu yote. Watadhani ninalipiza kisasi. Wadhani.

Binti yako,
Signe


Bellingham,
Alhamisi, 27 Juni

Baba,

Hujajibu. Natumaini u mzima. Naandika hivyo nikijua kwa macho yangu kwamba jana jioni ulikuwa mzima, kwa sababu nilikuja.

Nilikuja kugombana nawe. Maneno niliyapanga njia nzima, kila moja mahali pake. Niligonga mlango, nikagonga tena, nikafungua. Ulikuwa kitini, umeupa mlango mgongo, unasuka upya kitanzi cha kamba. Nyuma yako birika lilikuwa juu ya jiko linapiga filimbi. Nikasimama nikingoja ugeuke. Likapiga, Baba, kwa ile sauti inayowakimbiza paka wa jirani, mpaka mvuke ukafunika dirisha. Ukaendelea kusuka, ukiimba wimbo wako.

Nililiondoa birika kwenye moto, nikafunga mlango, nikaondoka. Hakuna hata neno moja kati ya yale niliyoyapanga lililofaa kusemwa mgongoni mwa mtu.

Bado nimekasirika. Nataka ujue hilo pia. Na Jumatano ni ileile.

Binti yako


Nyumbani,
Jumamosi, 29 Juni

Mwanangu,

Hujambo wewe? Mimi nipo.

Nilipoinuka kitini nikalikuta birika pembeni, limepoa nusu. Nikasema, ama nimezeeka nikasahau, ama kuna mtu kaingia. Nikaona tope la buti mlangoni, buti la kulia limetangulia. Unaona, la mguu wako bado nalijua. Kule juu sikuangalia vizuri, basi. Niliona ninachotaka kukiona, kwamba umeshuka salama na mimi sina haja ya kusikiliza.

Sikio la kulia halipo. La kushoto lipo nusu. Daktari alinipima Machi. Miaka yote ile ya kazi kwenye misumeno ya mbao bila kuziba masikio, tulikuwa tunawacheka waliokuwa wanaziba. Kaniandikia kifaa cha sikioni. Kipo kwenye droo ya vijiko. Nilikivaa siku moja, nikasikia jokofu, saa ya ukutani, hata viatu vyangu. Nikakivua. Mtu akishaonekana na kile kitu hapewi kamba ya mbele kuongoza wenzake, Signe. Na mimi nje ya kamba ya mbele sijui niwe nani.

Una ulimi kama wembe, na barua ile ya pili niliikunja nikaitupa, kisha nikaiokota. Ulitaka kunisemea. Usinisemee! Kama ni la kusemwa, nitalisema kwa mdomo wangu, nikiwa nimesimama. Kamba ya mbele nitampa Dale. Na lile nililosema juu yako mbele ya watu nitalifuta mbele ya watu: kwamba ulipuliza, kwamba ulisimama pale ulipotakiwa kusimama, na kwamba aliyevunja kanuni ni aliyeitunga. Wakishasikia hayo, wapige kura juu ya ombi lako. Mimi mkono wangu uko juu tayari.

Vibendera viko nyuma ya gari, nimevifuta tope. Safari ijayo wa mwisho kushuka utakuwa wewe, uving'oe mwenyewe.

Kifaa nitakivaa, lakini ukumbi una mwangwi na wale watauliza wote kwa pamoja. Njoo mapema. Ukae kushoto kwangu, na mtu akiniuliza nami nikaanza kutabasamu tu, nipige kiwiko. Ukumbi wa zimamoto, Jumatano, tarehe 3 Julai, saa moja jioni.

Baba yako