Barafu ya Wifi

Jumatatu, 3 Machi

"Chembe sahani hazizibi jeraha tu; ndizo zinazoita chembe nyeupe kuja kushambulia neva." Ukurasa wa kwanza wa ripoti ya wifi yangu. Upuuzi! Chembe sahani hugandisha damu. Ukijikata zinakimbilia pale, zinaziba, basi. Kuzilaumu ni kumkamata zimamoto kwa sababu kila penye moto yupo. Nimeandika hivyo gazetini na nitaandika tena.

Mkuu wa maabara kampigia makofi mbele yetu sote. Na wifi koti lake amelipiga pasi! Nani anapiga pasi koti la maabara?

Jumanne, 4 Machi

Mdogo wangu, mume wa wifi, kapiga simu. Mguu wa kushoto umekufa ganzi tena, jana kaanguka bafuni. Kinga ya mwili wake mwenyewe inamtafuna neva. Zamani nilikuwa wa kwanza kuambiwa. Siku hizi naambiwa baada ya mke, jirani na fundi bomba.

Halafu, kwa furaha ya mtoto aliyenunuliwa viatu: "Dada, mke wangu kaniingiza kwenye majaribio ya dawa. Naanza Jumatatu!"

Dawa ya kuzizuia chembe sahani zisifanye kazi. Kwa mtu anayeanguka! Akigonga kichwa, damu itazibwa na nani?

Jumatano, 5 Machi

Nimeingia chumba cha darubini kumtafutia wifi kosa. Ndiyo, kosa — hapa hakuna wa kumdanganya. Vipande vya uti wa mgongo wa panya wagonjwa. Nimetazama hadi macho yakatoa machozi.

Chembe sahani zipo. Tele, ndani ya uvimbe, zimeshikana na chembe nyeupe kama wambea dirishani. Tena kwa panya walioanza kuugua juzijuzi ziko zenyewe tu, chembe nyeupe bado hazijafika. Zimamoto hatangulii moto!

Miaka yote nimeishi na panya hawa hawa. Kwa nini aone yeye? Chakula cha mchana kimenishinda.

Alhamisi, 6 Machi

Nilikuwa mapokezi sanduku la damu za wagonjwa lilipoletwa kutoka kliniki. Limejaa barafu.

Barafu! Chembe sahani hazitaki baridi. Zikipoa zinashtuka, zinaviringana, zinaota miiba, utadhani zimetoka vitani. Lakini wifi alikulia maabara ya virusi, huko kila kitu kinalala kwenye barafu. Kahama na mazoea yake. Na damu ya wasioumwa? Anatutoa sisi wafanyakazi, korido hii hii, inafika mezani ingali na joto la mwili. Halafu anashangaa mbona wagonjwa wana miiba na sisi hatuna, na miiba hiyo ndiyo ushahidi wake kwamba zinashambulia!

Nimejitoa damu. Mrija mmoja kwenye barafu, mwingine mfukoni mwa koti. Ule wa barafu: miiba mitupu. Kwa kipimo cha wifi, mimi mahututi! Nimecheka mpaka mfagizi akachungulia mlangoni.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekwenda kwao. Wifi alikuwa anaosha vikombe. Nikamweleza barafu, mirija, miiba.

"Mwaka juzi kosa langu lilikuwa rangi ya vipimo," akasema. "Mwaka jana panya wangu wanene. Leo barafu. Kesho utalaumu kivuli changu, wifi?"

"Rudia vipimo."

"Kurudia ni miezi miwili. Mumeo angekuwa huyu, ungempa miezi miwili?"

Mdogo wangu akadakia kutoka sebuleni: "Dada, tangu harusi unamtafutia kosa! Mwache mke wangu aniponye."

Aniponye! Mimi nilimfundisha huyu kutembea, mama akiwa kazini. Sasa anajifunza upya, na bega analoshika ni la mwingine.

"Kwenye panya uko sahihi," nikamwambia wifi. Meno yaliniuma. "Kwenye damu ya watu bado hujui kitu."

Akafunga bomba. "Hapo mwanzo umesemaje? Rudia."

Sikurudia ng'o!

Jumapili, 9 Machi

Mkuu hapokei simu. Jibu moja tu la maandishi: mambo ya kifamilia yamalizwe nyumbani. Kifamilia! Kwa hiyo naandikia kamati ya majaribio. Rasimu ya kwanza nimeichana, ilikuwa na koti la pasi ndani yake. Ya pili pia, ilikuwa na harusi. Hii hapa ya tatu:

Wanakamati. Mtaambiwa kwamba nina wivu. Ninao. Mwulizeni yeyote kwenye korido hii, atawaambia unaanzia wapi. Kwa hiyo msiniamini mimi. Kesho asubuhi mtoeni damu mmoja wenu, yeyote asiyeumwa. Mrija mmoja utieni kwenye barafu, wa pili mfukoni. Tazameni nyinyi wenyewe, kwa macho yenu, yasiyo na wifi. Huenda mwenzangu yuko sahihi. Damu aliyotumia, ya wagonjwa iliyoletwa kwenye barafu, haiwezi kusema. Lakini tazameni kabla ya saa nne, kwa sababu saa nne mdogo wangu anapewa kidonge cha kwanza, na kutoka kitandani hadi bafuni kwake kuna ngazi.