Mtu wa Chama

Ndiyo, Baba, hukukosea. Ile sauti uliyoisikia redioni ni ya mume wangu. Uliponiuliza kwa simu nilijifanya mtandao unasumbua, kwa sababu nyumba yetu hapa Mugutha ni chumba kimoja na pazia, na mwenye sauti alikuwa upande wa pili wa pazia akichana nywele. Ndiyo maana nakuandikia, na barua nampa Kimeu, jirani yetu anayeendesha lori la Webuye.

Lakini kwanza nikusalimu vizuri kama mlivyonilea. Hamjambo huko? Kifua cha Mama kimepata nafuu? Mahindi yamebeba? Sisi tu wazima. Ndoa, Baba, ni tamu, ingawa naona haya kukuambia wewe. Gachau huniamsha kwa chai aliyoipika mwenyewe, na tukifika Thika hunishika mkono mpaka langoni mwa kiwanda, wanawake wa kupakia biskuti wakitutania. Mmoja wao, Wanja, huniambia niache kumtazama hivyo, nitaunguza biskuti kwa macho.

Unakumbuka alipokuja kwako na wazee wake. Wajomba walinong'ona kwamba ni Mkikuyu, tena hana shamba. Ukawaambia hutazami shamba. Huyu ni mtu wa chama, na mtu wa chama hatupi wenzake. Nilijua unawaza enzi zako, chama cha wafanyakazi kilipomezwa na chama cha serikali, nawe ukafukuzwa kazi kwa kukataa kadi ya siasa. Vyama hivyo viwili vilipoachana ulisema mfanyakazi amerudishiwa mdomo wake.

Sasa sikia. Mimi na wenzangu wengi bado ni vibarua. Tunaitwa asubuhi, na jioni tunaweza kuambiwa tusirudi. Gachau, akiwa mwakilishi wetu katika chama cha wafanyakazi, alituahidi kwamba mwaka huu tutaandikwa kazi ya kudumu, la sivyo tunagoma. Tukaitwa mkutanoni, katika uwanja ulio nyuma ya kiwanda. Katibu wa tawi, bwana Njau, alisema juu ya shida za vibarua mpaka nikatokwa na machozi. Kisha akaomba wanaosimama na chama wainue mikono. Baba, nani angeacha mkono chini? Mimi niliinua yote miwili. Gachau alikuwa jukwaani, nikataka anione.

Mikono ikiwa bado juu, gari likafunguliwa nyuma na kofia zikaanza kugawiwa, kila moja na picha ya kasuku, alama ya chama cha siasa kinachotafuta kura huku kwetu. Tukapigwa picha. Jioni ile redio ikatangaza kwamba wafanyakazi wa biskuti wamejiunga na Kasuku kwa kauli moja, na mume wangu akasikika akisema tumeamua wenyewe. Nilikaa kitandani na kiatu kimoja mguuni, nisijue kingine nimekiweka wapi.

Kesho yake Wanja alivaa kofia kinyume, akasema wametupatia ndege wetu kabisa, maana sisi huitikia tu tunachofundishwa. Akanigeukia, akauliza kama hata nyumbani kwangu huwa naitikia. Wote walicheka. Lynn, ambaye ana mtoto mchanga, hakucheka. Alimfuata Njau akamuuliza mgomo umeenda wapi. Njau akamjibu kwamba chama hakigomi wakati wa kampeni. Lynn akamuuliza chama kipi, naye Njau akaingia garini.

Nilimtetea Gachau mbele yao wote. Nilisema amedanganywa kama sisi. Usiku nikimpakulia chakula nikampa pole kwa jinsi katibu alivyomgeuka. Hapo akaweka kijiko chini, akasema nisimpe pole. Njau aliogopa kumtaja Kasuku, watu wangeondoka. Ni yeye, Gachau wangu, aliyemshauri asitaje jina, aseme chama tu, kwani sisi tukisikia neno hilo mkono huinuka kabla ya kufikiri. Akasema alipotoa shauri hilo alikuwa ananifikiria mimi.

Ameahidiwa tiketi ya kugombea uwakilishi wa wodi. Akanishika mkono akasema akishinda nitakuwa wa kwanza kuandikwa. Wa kwanza, Baba, kana kwamba Lynn hana mtoto.

Bado nampenda, na hilo ndilo linalonishtua kuliko yote. Nilimsihi awaambie wenzetu ukweli, akasema siasa siielewi. Basi leo saa ya chakula nilipanda juu ya kreti nikawaambia mimi, maneno yale yale aliyoniambia. Gachau alikuwa amesimama mlangoni. Nilipoomba mikono kwa ajili ya mkutano mwingine, mkutano wa mgomo, nilitaja jina zima la chama chetu, refu vile lilivyo, hata neno la mwisho. Mikono iliinuka mingi. Wake haukuinuka, lakini hakunishusha.

Msimamizi ameniambia kesho nisirudi. Jumamosi nitaenda mkutanoni hata hivyo; wenzangu wamesema watanitaja katika madai.

Msalimie Mama na wote wa boma. Nitakuja kabla mwezi huu haujaisha. Gachau anasema atakuja nami akueleze mwenyewe. Akija, mpe kiti umuulize lolote. Nikija peke yangu, usiniulize nikiwa njiani, ngoja kwanza niketi.

Mwanao akupendaye,
Nekoye