Mikoani, Siyo Mikononi

Jumanne. Mvua tangu alfajiri, na mie situlii. Nimefagia chumba mara tatu, na hakuna hata cha kufagia.

Daftari, leo nimechekwa.

Ni lile tangazo lililobandikwa kwenye duka la ushirika. Nililisoma mwenyewe, kwa macho haya yaliyohitimu kisomo cha watu wazima: Madaraka Mikononi. Nikawapitia wanawake wa Goba nyumba kwa nyumba, nikawaambia ushuru wa mihogo yetu sasa unabaki mikononi mwetu, daraja tunatengeneza wenyewe. Hakuna aliyebisha. Abishe nani, na kusoma hawajui?

Daraja lenyewe limebaki magogo mawili, mbao za juu zimekwenda na maji. Zahanati iko ng'ambo. Na Zuhura, mke wa mwanangu, tumbo limeshashuka. Wiki hii haiishi kabla hajajifungua.

Basi leo asubuhi kaja ofisa wa mkoa, kijana wa viatu vya kung'aa, tukakutana naye kwenye darasa la kisomo. Nikasimama nikadai ushuru wetu, tukanunue mbao. Akajikaza asicheke, akashindwa.

"Shikamoo, bibi. Ni mikoani, siyo mikononi."

Darasa zima likaangua kicheko. Hata wale wale niliowatangazia, wasio na haya.

Akaeleza kwamba ile halmashauri iliyokuwa ikichukua ushuru na kutengeneza daraja imevunjwa. Sasa fedha zinatoka serikali kuu, zinapitia mkoani, ndipo zishuke kwetu. Maombi yameandikwa, tungoje bajeti. Mtoto wa tumboni naye angoje bajeti? Nikamwuliza:

"Na huko mikoani, wana mikono?"

Akafunga mkoba wake, akaangalia saa.

Lakini wewe daftari nikufiche nini. Kuchekwa si kitu, mie mwenyewe nimewacheka wengi kwenye kisomo. Kinachonichoma ni kwamba wiki mbili nzima nimekaa nangojea mbao za ushuru, na huku kila siku nalala juu ya mbao. Kitanda cha mvule, alichonichongea marehemu mume wangu. Hakuna mwanamke mwingine hapa mwenye kitanda kama hiki, na nimehakikisha wote wanajua.

Zuhura ananiita. Uchungu bado, anasema ni mgongo tu.

Kesho kukipambazuka kitanda kinavunjwa, mbao ziende darajani. Mie mkeka unanitosha.

Na mkoa ukileta mbao zake, uje unitengenezee kitanda.