Jumamosi ya Samaki wa Ndevu

Gatete, Rumonge
Jumatatu, 20 Oktoba 2025

Mpendwa Shangazi Zainabu,

Assalamu alaykum. Natumaini barua hii inakukuta mzima hapo Ujiji, na goti lako limepata nafuu. Baba Tahiri hajambo? Sisi sote tuko salama. Bibi amepungukiwa na jino jingine lakini bado anatafuna mahindi ya kuchoma, na hataki asaidiwe.

Mimi nimeingia darasa la tisa. Mwalimu wetu wa sayansi ni Madamu Marcelina. Mwezi uliopita alitupa kazi ya kukaa kwenye kivuko cha mto, chini ya mfereji wa mashamba yetu, na kuhesabu wale samaki wa ndevu uliokuwa ukiwavua kwa kikapu ulipokuwa msichana. Kila samaki akipita, jiwe moja mfukoni. Madamu anasema katika mito mingine ya huku hawaonekani tena. Mvua za kwanza zikinyesha hutoka ziwani na kupanda mto ili wakatage mayai juu kwenye changarawe. Maji yakikatika njiani, hawafiki.

Shangazi, unakumbuka wazee walivyogawa maji ya mfereji. Waliacha Ijumaa kwa ajili yetu Waislamu na Jumapili kwa ajili ya Wakristo, na siku tano zilizobaki kila familia ikapata zamu yake. Basi mawe yangu yalionyesha kwamba Ijumaa, mto ukiwa wazi, samaki wanaanza kupanda. Jumapili pia. Lakini Jumamosi katikati kuna mtu anapanga magunia ya mchanga kuvuka mto ili maji yageukie shamba lake. Wale waliopanda Ijumaa hawajafika mbali, na mto unawakaukia.

Mtu huyo ni Baba.

Sikujua nimwambieje. Jumamosi ya tarehe kumi na moja samaki wenyewe walimwambia. Walifuata maji wakaingia mferejini, na tukakuta kumi na mmoja wamelala katikati ya mboga zetu za lengalenga, ndevu zimejaa tope. Jirani yetu Karoli alisimamisha baiskeli akaita kwa sauti, “Nasoro! Siku hizi weye unapanda samaki? Utavuna lini, tuje na sufuria?” Watu wote walicheka. Baba naye alicheka, lakini kidogo.

Nikasema, “Baba, ni Jumamosi yetu inayowaua.”

“Mutoto weye,” akajibu, “lengalenga nizimwagilie na mate?”

Alikuwa na haki. Mvua bado hazijatulia, na mboga hizo ndizo zinazotulipia shule, mimi na Ayubu.

Hata hivyo juzi Jumamosi hakupanga magunia. Mama alibeba maji kwa ndoo mpaka mabega yakamuuma, na mistari miwili ya mboga ilikauka. Lakini mimi nilirudi kutoka kivukoni na mawe thelathini na saba, na Bibi aliyahesabu mara mbili, jiwe kwa jiwe, juu ya mkeka. Alisema hajaona samaki wengi hivyo tangu uolewe.

Kamati ya maji ilikaa jana. Wamekubali mto uachwe wazi kuanzia Ijumaa hadi Jumapili, Oktoba na Novemba zote, iwapo Baba atapata siku nyingine. Siku zote zina wenyewe. Iliyo huru ni Jumanne, nayo ni yako. Shamba lako sasa ni michikichi mitupu, halihitaji mfereji, lakini daftarini bado kuna jina lako. Baba amesema hatagusa zamu ya dada yake kabla hujasema ndiyo, na kamati inataka karatasi yenye saini. Ndiyo maana nakuandikia badala ya kupiga simu.

Barua hii anaileta Nasiri, anayekuja huko kununua chumvi. Atarudi Alhamisi. Nakuomba, Shangazi, kama moyo wako unaridhia, umpe jibu. Ukikubali, katibu wa kamati ameahidi kwamba penye Jumamosi ataandika “Mto”, kama vile anavyoandika jina la mtu.

Baba amesema nikuandikie kwamba ukikataa hatanuna. Lakini leo asubuhi nimemkuta akimwaga mchanga kutoka kwenye magunia. Ameyafua yote, na sasa yameanikwa kwenye ua.

Bibi, Mama na Ayubu wanakusalimu, na Karoli pia, anayeuliza kama huko Ujiji nako watu wanapanda samaki. Nisalimie Tahiri na Zuwena. Mwenyezi Mungu akupe afya, akutunze wewe na wote walio chini ya paa lako.

Wako akupendaye,
Raisa