Kwangu Inafanya Kazi

Kaka Almasi,

Shikamoo. Najua marehemu haitiki, na wewe hata ulipokuwa hai ulikuwa mzito wa kuitika ukishakaa mbele ya kompyuta. Ipokee kimyakimya. Nimekuja na hasira, na hapa Katubuka hakuna mwingine wa kunisikiliza mpaka mwisho.

Wamekuzika vizuri. Hitima ilijaa. Wali ukapikwa, samaki wa migebuka wakakaangwa, na watu ambao hawakuwahi hata kukujulia hali wakasimama kueleza ulivyokuwa "nguzo". Nguzo! Ulipolazwa kwa presha, nguzo hiyo ilikuwa inapelekewa uji na mimi peke yangu. Lakini hao nawaacha, hawana jipya. Ninayetaka kukusimulia habari zake ni yule mtaalamu aliyeletwa kuchukua kazi yako.

Ile programu yako ya picha, kaka, ya kuwaonyesha wakimbizi sura za watoto waliopotezana nao njiani. Mhandisi mzima wa michoro ya kompyuta, kampuni za nje zinakutaka, wewe umekaa Kigoma unahakikisha uso wa mtoto unaonekana sawasawa kwenye kompyuta ya ofisini na kwenye kisimu cha mkimbizi chenye kioo kilichopasuka. Mtaalamu akaja na kompyuta moja. Moja! Akazitazama zile simu chakavu mezani kwako, ulizokuwa unajaribia kila kitu, akauliza, "Hii takataka ni ya nani?" Akazitia kwenye boksi. Halafu akaiandika upya sehemu ya kuchora picha, eti iende kasi. Nilipomwambia hajaijaribu kwenye simu ndogo, akanigeuzia kompyuta yake na kutabasamu. "Dada Zuwena, kwangu inafanya kazi."

Kwangu inafanya kazi. Unakumbuka tulivyokuwa tunalicheka neno hilo? Watu wa kila nchi walikuwa wanakuandikia kwenye lile jukwaa la mtandaoni: programu yangu kwangu inakubali, kwa mwenzangu inakataa, nisaidie. Wengine hata salamu hawana. Na wewe unaacha chai inapoa, unaanza, "Pole kwa usumbufu. Umejaribu kwenye mashine ya nani?" Nikawa nakwambia, kaka, huyu hakujui wala hatakushukuru, njoo ule. Unajibu, "Tenda wema uende zako." Uende zako wapi, na umeganda pale pale kwenye kiti?

Basi sikiliza. Watu wa Mwamgongo, kule kando ya ziwa, walimpokea mtoto wa kike aliyeshuka kwenye boti ya waliokimbia Burundi. Hana mzazi, hasemi jina lake, hasemi chochote. Nilikwenda mwenyewe kumpiga picha. Amevaa sweta jekundu, na hataki kulivua hata kwa jua lile. Na kule kwenye kambi ya wakimbizi kuna Mama Niyo, ambaye kila siku wimbo wake ni mmoja: mwanangu mdogo ana sweta jekundu, nimelifuma kwa mikono yangu.

Nilikaa naye akifungua picha mpya kwenye kisimu chake, akizipitisha kwa kidole. Alipofika kwa mtoto yule akashtuka, akafumba macho. "Uyu si we," akasema kwa Kirundi chake. Siye huyu. Akapita. Nikachungulia. Loo! Uso wa bluu. Sweta la bluu. Mtoto mzima kama maiti iliyotolewa ziwani.

Nikamfungulia picha hiyo hiyo kwenye kompyuta yangu, sweta jekundu, uso wa mtoto. Hakutaka kutazama. Mama huyu amedanganywa sana, kaka, kila mwenye kompyuta amemwonyesha anachotaka mwenyewe. "Kama ni yeye," akasema, "aje kwenye simu yangu."

Nikampigia mtaalamu. Alichojibu unakijua. Nilimsonya msonyo ambao nadhani ulisikika mpaka Ujiji.

Nikalifungua lile boksi la takataka, nikakaa kwenye kiti chako. Kurekebisha sijui. Nikauliza mtandaoni: kwa nini nyuso zinatoka za bluu kwenye baadhi ya simu? Jibu la kwanza kutokea lilikuwa lako. "Pole kwa usumbufu. Umejaribu kwenye mashine ya nani?" Nililia pale pale, kaka, kwa sauti, jirani akaja kugonga mlango. Ulikuwa umemjibu mmoja wa wale wasio na salamu: mashine nyingine husoma rangi nyekundu kwanza, nyingine husoma bluu kwanza, kwa hiyo iulize mashine kabla hujachora, usikisie. Chini yake hakuna asante. Mpaka leo nasema mtu yule hakufunzwa na mamaye.

Nilirekebisha, nikifuata jibu lako neno kwa neno. Nikajaribu kwenye simu zako zote, hata ile inayowaka ikitaka. Kisha nikapanda gari, nikapita Mwandiga hadi kambini. Mama Niyo akafungua simu yake mwenyewe. Akatazama. Akaweka kidole begani kwa mtoto, pale ambapo uzi ulimwishia alipokuwa analifuma sweta, akaunganisha na uzi mwingine mwekundu uliopauka kidogo.

"Ni we," akasema, yaani ndiye. "Ni we, ni we." Akakaa chini kwenye vumbi na simu kifuani.

Wako pamoja sasa. Mtoto anaongea, tena anaongea kupita kiasi. Na mtaalamu ameandika ripoti kwamba "changamoto ya rangi imetatuliwa". Na nani, hakusema. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Hana haya, hana vibaya, na nasikia watampandisha cheo.

Kaka, nimekuandikia asante chini ya lile jibu, maana lilikaa pweke muda mrefu mno. Maswali bado yanakuja kwa jina lako. Hawajui kwamba umekufa, na hata wangejua, salamu wasingetoa. Nitayajibu. Nitauliza mashine ya nani kabla sijafungua mdomo, na simu zako haziondoki mezani nikiwa hai. Upole sikuahidi, huo umeondoka nao.

Lala, kaka. Wajinga niachie mimi.

Zuwena