Maoni Yangu Kuhusu Vitabu vya Poni

Ottilie, nimekwisha! Nimefungiwa bandani pamoja na Parsnip, yule farasi mdogo.

Yale maoni niliyoandika mtandaoni, kwamba mwandishi wa vile vitabu vya poni hajawahi kuzoa mavi ya farasi maishani mwake? Mwandishi ni Bi Rosalind. Bi Rosalind huyuhuyu mwenye mabanda ya farasi! Kumbe anatumia jina la bandia.

Na mimi mjinga nilijiita "Rafiki wa Parsnip". Poni wake mwenyewe!

Amenisomea yote kwa sauti. "Hajawahi kuzoa mavi." Akarudia! Nikajua Jumamosi zangu za kupanda farasi zimeisha.

Akasema, "Ni kweli, mwanangu. Miaka ishirini mnaozoa ni nyinyi wasichana."

Amenipa beleshi, akakomea mlango kwa nje. Ameenda kuleta kiti na daftari, eti aandike ninavyozoa.